Mfu Anayecheza Ngoma

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka sita nilipomwonyesha katuni ya Disney ya mwaka 1929 iitwayo The Skeleton Dance, na swali aliloniuliza kabla haijafika nusu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tulikuwa tumekaa sakafuni, kompyuta ikiwa juu ya stuli, umeme ukiwa umerudi muda si mrefu baada ya kukatika jioni nzima, na kwa kuwa alikwisha kuzichoka katuni zake za kila siku nikamwambia nitamwonyesha kitu kilichochorwa kabla babu yake hajazaliwa. Kiunzi cha kwanza cha mifupa kilipochungulia kutoka nyuma ya jiwe la kaburi, alinishika mkono. Kiunzi hicho kilipong'oa fuvu lake chenyewe na kumrushia bundi aliyekuwa tawini, akaangua kicheko, lakini mkono wangu hakuuachia. Kisha akauliza, "Mjomba, huyu amekufa au hajafa?" Nikamwambia amekufa. "Sasa mbona anacheza?"

Watu wazima wanaoandika juu ya katuni za wakati ule huelekea kugawanyika: wapo wanaosema zilikuwa za kuchekesha na vitisho vyake vilikuwa mapambo tu, na wapo wanaozirudia usiku wa manane na kudai kwamba zilikuwa za kutisha na vichekesho vilikuwa kifuniko cha chungu. Mimi naona kicheko na hofu ndani yake vinachotwa kisima kimoja. Kitu kilichochorwa hakijamwahidi mtu yeyote kwamba kitabaki kilivyo. Mkono unaweza kurefuka, kofia inaweza kuota meno, mlango unaweza kukukonyeza, na mtazamaji anayeona umbo likimponyoka mbele ya macho yake hutoa sauti kabla hajajua kama sauti hiyo ni ya kucheka au ya kushtuka. Mtoto alikuwa akifanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa mdomo jambo moja na kwa mkono jingine.

Hali hiyo ilikuwapo tangu mwanzo kabisa wa sanaa yenyewe. Émile Cohl, Mfaransa aliyetokea kwenye uchoraji wa vikaragosi, alitoa Fantasmagorie mwaka 1908, filamu isiyofikia dakika mbili iliyotengenezwa kwa michoro ipatayo 700. Alichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kisha filamu ikageuzwa rangi ili ionekane kama chaki juu ya ubao. Ndani yake hakuna kinachotulia: chupa ya mvinyo inageuka ua, mtu anamezwa na kutapikwa na vitu vinavyomzunguka, na hakuna anayeonekana kushangaa. Jina lenyewe lina mizuka ndani yake, kwa sababu fantasmagoria ndilo lililokuwa jina la maonyesho ya mwishoni mwa karne ya 18 ambapo watu wa Paris waliingizwa gizani ili waonyeshwe wafu kwa taa ya kurushia picha. Cohl aliliazima kwa mzaha, bila shaka, lakini aliliazima mahali panapofaa.

Winsor McCay naye, mchoraji wa magazeti ya New York ambaye pia alikuwa akitumbuiza majukwaani, alionyesha How a Mosquito Operates mwaka 1912. Mbu mkubwa kama paka, mwenye kofia ndefu kichwani na mkoba mkononi, anamfuata mwanamume nyumbani kwake, anaunoa mrija wake kama mchinjaji anavyonoa kisu, kisha anauzamisha katika uso wa yule aliyelala. McCay alikuwa fundi wa kuonyesha uzito wa vitu, na katika michoro yake takriban 6,000 unaona tumbo la mbu likijaa kidogo kidogo, likining'inia, likimwelemea hata kuruka kukawa kazi. Mbu anapumzika, anatuinamia sisi watazamaji kwa adabu kama msanii aliyemaliza onyesho, kisha anarudi kunywa tena hadi anapasuka. Niliitazama mara ya kwanza nikiwa ndani ya chandarua, na nakiri kwamba sikucheka pale ambapo nadhani Wamarekani wa mwaka 1912 walicheka. Kwao mbu alikuwa kero ya usiku wa kiangazi. Kwa mtu aliyewahi kukesha akimwekea mgonjwa wa malaria kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, adabu ile ya kuvua kofia inatisha kuliko mrija.

Lakini mambo yaliiva sauti ilipoingia. Disney walikuwa wametoa Steamboat Willie mnamo Novemba 1928, na mtunzi wao wa muziki, Carl Stalling, mtu aliyekuwa akipiga kinanda katika kumbi za sinema za kimya huko Kansas City, alikuwa akivutana na Walt Disney juu ya jambo moja: je, muziki uifuate picha, au picha iufuate muziki? Walimaliza ubishi kwa kuanzisha mfululizo wa pili, Silly Symphonies, ambamo muziki ungetangulia, na wazo la mifupa inayocheza lilitoka kwa Stalling. Aliyechora ni Ub Iwerks, karibu peke yake. Disney alimtaka achore mikao mikuu tu na kuwaachia wasaidizi michoro ya katikati, kama kazi ilivyokuwa ikianza kugawanywa, lakini Iwerks alishikilia kuchora kila hatua mwenyewe. Ukiitazama katuni hiyo unaelewa alichokuwa akikilinda. Viunzi vinne vinatembea kama mkono mmoja ulioandika.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini, wakati sauti ilikuwa bado kitu kipya na dunia nzima ilikuwa wazi mbele yao, walichagua makaburini. Sehemu ya jibu ni ya kiufundi. Filamu ya sauti hupita kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo mpigo wa muziki unaweza kuhesabiwa kwa fremu: ukiweka pigo moja kila baada ya fremu 12, mchoraji anajua kabisa ni katika mchoro upi mguu unapaswa kugusa ardhi. Mfupa ndio unaofaa kuliko kitu chochote kwa hesabu hiyo, kwa sababu hauna nyama ya kuchelewesha mlio. Kiunzi kimoja kinashika mifupa miwili ya mapaja na kuupiga uti wa mgongo wa mwenzake. Wenyewe wanakiita chombo hicho kwa neno la Kigiriki. Mimi niliona marimba, na mpwa wangu aliona marimba, na kwa kweli ni marimba. Baadaye paka anageuzwa besi ya kupigwa kwa upinde, mkia wake ukiwa nyuzi. Jambo jingine ni kwamba mistari myeupe juu ya usiku mweusi ilikuwa ikifaa mno kwa filamu isiyo na rangi. Kiunzi cha mifupa ni mchoro uliokwisha kuchorwa na maumbile.

Hata hivyo hesabu haielezi ile sehemu ambayo mtoto alinibana mkono zaidi. Baada ya kumpiga bundi (na bundi, kwa mtazamaji wa kwetu, hahitaji kutambulishwa, kumwona anayeleta habari za mauti akipigwa na kichwa cha maiti ni mzaha unaotuhusu sisi kuliko hao waliouchora), kiunzi kinatugeukia. Kinanyemelea, kinaruka kuelekea kwenye kioo, kinazidi kukua, taya linapanuka hadi mdomo unajaza fremu yote na tunazama ndani ya weusi wake. Nimeipitisha sehemu hiyo fremu moja moja. Hakuna damu, hakuna kelele, hakuna hata sura ya ukali, maana fuvu halina nyusi za kukunjwa na limekwisha kuzaliwa likitabasamu. Kinachotisha ni kwamba kwa muda mfupi mno ule ukuta kati ya anayechezewa na anayecheza umeondolewa, na mara tu baada ya hapo muziki unaendelea kama vile hakuna aliyemezwa. Kicheko kinachofuata ni cha mtu aliyegundua kwamba bado yupo. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikujui, na linakumeza, na bado hukwishi.

Nyongeza ndogo kwa wanaopenda tarehe: Dracula na Frankenstein, filamu za kutisha za studio ya Universal, zilitoka mwaka 1931. Maana yake ni kwamba sinema ya Marekani ilikwisha kuwachezesha wafu wake kwa muziki miaka miwili kabla ya filamu hizo kuwafundisha watazamaji jinsi ya kuwaogopa kwa sauti. Mzaha ulitangulia, kitisho kikafuata.

Disney, hata hivyo, walikuwa wastaarabu. Ukitaka kuona mchanganyiko huu usio na breki, nenda New York, kwa ndugu wawili, Max na Dave Fleischer. Max alizaliwa Kraków mwaka 1883 akapelekwa Marekani akiwa mtoto, na katuni za karakana yao zinanuka mji: lami, vyumba vya kubanana, polisi wa kona, muziki unaotoka chini ya ngazi. Kila kitu ndani yake kinanesa kwa mdundo, wahusika, miti, hata magogo, na ukitazama kwa muda mrefu unaanza kuhisi kwamba ardhi nayo inapumua. Katika Swing You Sinners! ya mwaka 1930, mbwa Bimbo anajaribu kuiba kuku, anamkimbia polisi, na bila kujua anaingia makaburini. Lango linajifunga nyuma yake. Kuanzia hapo hakuna kisa tena, kuna mashtaka tu: mawe ya makaburi yanamwimbia dhambi zake, ghala linaota midomo, kuta zinamsogelea, na mizuka inamweleza kwa furaha na kwa vina namna itakavyomshughulikia. Yote haya kwa muziki ambao mguu wako unaugongea sakafu bila kukuomba ruhusa. Mwishoni fuvu kubwa linamjia na kummeza, na katuni imekwisha.

Nasisitiza neno hilo, imekwisha, kwa sababu Disney mwaka 1933 walitoa The Mad Doctor, ambamo daktari kichaa anataka kukipandikiza kichwa cha mbwa Pluto juu ya kuku ili aone yai lake litaangua nini, na ni katuni ya giza kwelikweli, yenye ngome, mtego juu ya mtego, na msumeno unaoshuka juu ya Mickey aliyefungwa. Kisha Mickey anazinduka kitandani. Ilikuwa ndoto. Fleischer hawakumwamsha Bimbo, na wizi wa kuku mmoja ulitosha kumpeleka huko. Ukimwambia mtu kisa hicho kwa maneno atakwambia ni hadithi ya kuogofya watoto. Ukimwonyesha, atacheka dakika zote na kunyamaza katika sekunde tatu za mwisho.

Kilele cha kazi yao, kwa maoni yangu, ni zile katuni walizomtumia Cab Calloway, mwimbaji na kiongozi wa bendi aliyekuwa akipiga katika klabu ya Cotton Club huko Harlem, mahali ambapo wasanii walikuwa weusi na wateja walikuwa weupe. Max Fleischer alikuwa amebuni chombo kiitwacho rotoskopu, alichopewa hataza yake mwaka 1917: filamu ya mtu halisi inarushwa fremu moja moja chini ya kioo, na mchoraji anafuatisha mistari yake. Kwa hiyo katika Minnie the Moocher ya mwaka 1932 tunamwona kwanza Calloway mwenyewe, mwembamba, akiteleza mbele ya bendi yake kwa hatua ambayo miguu inaonekana kwenda huku mwili ukienda kule. Kisha Betty Boop, msichana wa katuni zao, na Bimbo wanaotoroka nyumbani wanaingia pangoni, na kutoka gizani anatokea mzuka wa walrasi, yule mnyama wa bahari ya barafu mwenye meno mawili marefu, akiteleza kwa hatua zile zile. Nyuma yake viunzi vya mifupa vinakunywa pombe baa, wafungwa waliokufa wanakalishwa kwenye kiti cha umeme, paka asiye na macho ananyonyesha watoto. Kila kitu kingine kinanesa kama mpira, lakini walrasi anasogea kama mtu. Hapo ndipo ubaridi unapokuingia, kwa sababu katika ulimwengu ambamo hakuna mwenye mwili, mzuka ndiye pekee aliye nao.

Mwaka uliofuata wakarudia jambo hilo kwa ustadi mkubwa zaidi katika Snow-White yao, iliyochorwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Roland Crandall, kwa miezi kadhaa. Katuni hiyo iliingizwa mwaka 1994 katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kwa thamani yake. Betty amelala ndani ya jeneza la barafu linalobebwa pangoni, na mchekeshaji Koko anatembea nyuma yake akiimba kwa sauti ya Calloway wimbo wa kale wa mtu aliyekwenda hospitali akamkuta mpenzi wake amelazwa mezani, wa baridi. Malkia anampitishia kioo cha uchawi, na Koko anakuwa mzuka mweupe mwenye miguu mirefu na kichwa kidogo. Wimbo unapotaja sarafu ya dhahabu ya dola 20 kwenye mnyororo wa saa, mwili wake unageuka sarafu yenye mnyororo; unapotaja kinywaji, anakuwa chupa. Anageuka hivyo bila kukosa hatua hata moja, huku kuta za pango zikipita nyuma zikiwa zimechorwa wafu wanaocheza kamari. Sijui katuni nyingine inayoufanya msiba uwe mchezo namna hii bila kuudhihaki msiba. Kwa mtu aliyekulia katika nyumba ambazo matanga yana watani, wale wanaoruhusiwa kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa hata jeneza likiwa bado ndani, jambo hili halina ugeni wowote.

Siwezi kuzisifu katuni hizi nikanyamazia upande wake mwingine. Mwaka huo huo wa Minnie the Moocher, Fleischer walimtumia Louis Armstrong katika katuni inayobeba jina la wimbo wake, I'll Be Glad When You're Dead You Rascal You. Humo Betty anatekwa na "washenzi" wa porini, weusi tititi wenye midomo mikubwa, na mmoja wao anapowakimbiza Bimbo na Koko, kichwa chake kinaachana na mwili, kinakuwa kikubwa kama wingu, kisha kinageuka uso halisi wa Armstrong ukiimba angani juu yao. Kama ufundi, ni ule ule niliousifu aya mbili zilizopita: umbo linaponyoka, unacheka, unashtuka. Tofauti ni kwamba nilipoitazama nilitambua kuwa safari hii zimwi lililochorwa ni mimi. Mtu mweusi aliwekwa mahali palepale pa kiunzi cha mifupa, kitu cha kuchekwa na kuogopwa kwa pumzi moja, na mmoja wa wanamuziki wakubwa wa karne nzima alilipwa ili uso wake ufanye kazi hiyo. Hata mapango ya Calloway, ukiyarudia baada ya hapo, yanabadilika kidogo: unaanza kuuliza kwa nini kila msichana mweupe anapotoroka nyumbani, hatari inayomngoja gizani inaimba kwa sauti ya Harlem. Sijaacha kuzitazama. Ila hii ya Armstrong sikumwonyesha mtoto.

Mchanganyiko huu haukudumu. Katikati ya mwaka 1934 Hollywood ilianza kuzisimamia kwa ukali kanuni zake za maadili, na Betty Boop akashushiwa sketi, akapewa nyumba, kazi na kimbwa cha kufuga. Mizuka ikaondoka pamoja na garta yake, ule mkanda wa pajani wa kushikia soksi. Lakini kanuni peke yake haielezi yote, kwa maana hakuna kifungu kilichokataza ghala kuota midomo. Disney walikuwa wakiwafundisha wachoraji wao kuipa miili uzito, mifupa ya ndani, misuli isiyoonekana, na walipotoa Snow White yao ndefu mnamo Desemba 1937 watazamaji waliona msitu unaotisha kwelikweli na vibete wanaochekesha kwelikweli, kila kimoja katika chumba chake. Miti inayomshika msichana kwa makucha inageuka kuwa miti ya kawaida mara tu kunapopambazuka. Siku chache baadaye ikatoka Lonesome Ghosts, ambamo mizuka minne iliyochoshwa na upweke inawaita Mickey, Donald na Goofy ili ipate wa kumfanyia utani. Ni katuni nzuri, nimeicheka, na hakuna mtoto atakayekushika mkono akiitazama. Umbo lilikuwa limeahidi kubaki lilivyo, na mizuka ikawa watu wa kawaida waliovaa shuka.

The Skeleton Dance tuliimaliza mimi na mpwa wangu usiku ule, na haki ya kuimiliki kwa sasa imekwisha huko Marekani tangu Januari 2025, kwa hiyo yeyote anaweza kuiangalia. Jogoo anapowika, viunzi vinachanganyikiwa, vinagongana, vinakuwa lundo moja lenye mikono na miguu isiyojulikana ni ya nani, na lundo hilo linatumbukia kaburini na kujifunika. Nyayo mbili zimesahauliwa nje. Zinakimbilia jiwe na kuligonga, kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani, na mkono unatoka, unazivuta ndani, jiwe linafungwa.

"Amesahau miguu," mpwa wangu akasema, akicheka. Nilipozima taa akaniomba niache mlango wazi, na kutoka sebuleni nikamsikia akigonga ubao wa kitanda kwa vidole, pigo baada ya pigo, mdundo ule wa marimba.